Jinsi ya kujizoeza sayansi: fizikia, kemia na baiolojia kwa pamoja

Mimi ni mwalimu wa sayansi ya sekondari, na swali ninaloulizwa zaidi ya yote ni "Mwalimu, nisome wapi?" Jibu langu huwa: funga kitabu kwanza, shika kalamu. Anayesoma ukurasa uleule mara nne huuzoea, naye hudhani ameuelewa. Mpe karatasi tupu, mwambie achore moyo wa binadamu na njia ya damu, au asawazishe mlinganyo wa metheni kuungua, ndipo utajua na yeye atajua.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine ni kuchanganya masomo. Wengi huketi na kufanya maswali ishirini ya kani mfululizo. Hadi kufikia swali la tatu hakuna tena kufikiri: mkono umeshajua kwamba ni F = ma, yaani kani ni tungamo mara mchapuko, kilichobaki ni kuingiza namba. Mtihani hautakuambia swali limetoka sura gani, na kazi ngumu kweli ni kutambua swali linahitaji kanuni ipi. Kwa hiyo andika kila swali kwenye kikadi chake, changa vikadi vya masomo yote matatu kama karata, kisha toa sita. Usianze kukokotoa. Andika mstari mmoja wa ulichopewa na mwingine wa unachotafutiwa. Mistari hiyo miwili huokoa alama nyingi ajabu.

Swali lililokushinda lisipotee. Lirudie kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 jinsi mambo tunayojifunza yanavyotoka kichwani upesi siku za mwanzo, na jinsi marudio yaliyoachiwa nafasi yanavyoyashikilia. Kadi uliyoijibu vizuri katika siku tatu tofauti waweza kuiweka pembeni.

Kila somo kati ya haya lina njia yake ya kujikagua. Katika fizikia ni vizio, yaani vipimo vinavyofuata namba, kama mita, sekunde na kilo. Tuseme gari la kilo 1,200 limeongeza mwendo kutoka mita 5 kwa sekunde hadi mita 20 kwa sekunde, kwa muda wa sekunde 6. Badiliko la mwendo ni 15 m/s. Gawa kwa 6, mchapuko ni 2.5 m/s². Zidisha kwa tungamo, kani ni niutoni 3,000. Sasa pitia vizio peke yake bila namba: mita kwa sekunde, kugawa kwa sekunde, ni mita kwa sekunde mraba. Vizuri. Kilo mara mita kwa sekunde mraba ni niutoni. Vizuri tena. Vizio vikigoma, kanuni uliyotumia siyo. Halafu jiulize kama jibu linaingia akilini. Ukipata gari linalokwenda mita 300 kwa sekunde, kumbuka kwamba sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, urudi kwenye hesabu yako.

Tungamo na uzito navyo vitenganishe mapema. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa niutoni 588 hapa duniani, ambako kila kilo huvutwa kwa niutoni 9.8. Mwezini kila kilo huvutwa kwa niutoni 1.6 hivi, kwa hiyo uzito wake ni kama niutoni 96, ilhali kilo zake ni zilezile 60.

Kemia hujikagua kwa kuhesabu atomi. Alumini ikiungana na oksijeni: 4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃. Kushoto alumini nne, oksijeni sita. Kulia vivyo hivyo. Unaruhusiwa kubadilisha namba kubwa za mbele tu. Ukigusa namba ndogo ya chini umebadilisha kitu chenyewe: H₂O ni maji, H₂O₂ ni haidrojeni peroksaidi, na hakuna anayekunywa hiyo. Ukifika kwenye moli, kipimo cha kuhesabia atomi na molekuli, fanya hesabu kisha uikague kwa njia ya pili. Magnesiamu gramu 4.8 ni moli 0.2, kwa kuwa moli moja ni gramu 24. Kila moli ya magnesiamu hutoa moli moja ya MgO, nayo ina gramu 40, kwa hiyo tunapata gramu 8.0. Njia ya pili: moli 0.2 za atomi za oksijeni ni gramu 3.2, na 4.8 + 3.2 ni 8.0. Njia mbili zimekutana, endelea na swali jingine ukiwa na amani.

Baiolojia ndiyo inayodharauliwa, eti ni ya kukariri. Sikubaliani hata kidogo. Baiolojia hupima kama unaweza kufuata sababu hatua kwa hatua bila kuruka. Ukiulizwa kwa nini kipande cha kiazi kimelegea kwenye maji ya chumvi, "kwa sababu ya osmosisi" ni jina la tukio, maelezo bado. Andika hivi: maji ya nje yana chumvi nyingi kuliko utomvu wa seli, kwa hiyo maji hutoka ndani ya seli kwenda nje kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi, kwa hiyo msukumo wa maji kwenye ukuta wa seli hupungua, kwa hiyo kiazi hulegea. Kila "kwa hiyo" ni alama. Na kipande kikishuka kutoka gramu 5.0 hadi 4.4, andika kimepungua asilimia 12, maana vipande havianzi na tungamo sawa na gramu tupu hazilinganishiki.

Urithi nao unataka hesabu. Gregor Mendel, katika kizazi cha pili cha njegere zake, alipata mbegu 5,474 za duara na 1,850 zenye mikunjo. Gawa: ni kama 2.96 kwa 1. Hiyo ndiyo 3 kwa 1 ya kitabuni ilivyo shambani. Ukipata watoto wanne katika swali, usiandike kwamba lazima watatu wawe hivi na mmoja vile. Hiyo ni bahati ya kila mtoto peke yake.

Sasa zoezi ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linayafunga masomo matatu. Chora mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Eneo la uso wake ni 6, ujazo ni 1, uwiano 6. Wa sentimita 2: eneo 24, ujazo 8, uwiano 3. Wa sentimita 3: eneo 54, ujazo 27, uwiano 2. Kitu kikikua, uso wake kwa kila kipimo cha ujazo unapungua. Kwa jedwali hilo moja jibu maswali haya bila kitabu: kwa nini seli hubaki ndogo? Kwa nini mapafu yamejaa vifuko vidogo vya hewa badala ya kuwa puto moja? Kwa nini unga wa kalisi kaboneti humenyuka na asidi upesi kuliko bonge lenye tungamo ileile? Kwa nini panya hupoteza joto la mwili haraka kuliko ndovu? Ukiyajibu yote manne kwa sentensi kamili, umeelewa jambo ambalo wengi huliona kama sura nne tofauti.

Fanya pia majaribio madogo. Funga kitu kizito kwenye uzi, pima mita 1 kutoka ulipofungwa hadi katikati ya kitu hicho, kiachie kibembee kwa pembe ndogo, uhesabu mibembeo 20, kwenda na kurudi. Itachukua karibu sekunde 40. Punguza uzi hadi sentimita 25, itakuwa karibu 20. Badilisha uzito bila kugusa urefu, muda hautabadilika. Chora grafu, andika ni kipi ulikibadilisha, kipi ulikipima na vipi uliviacha vilevile. Maswali ya vitendo huuliza hayo hayo. Kwa asidi na besi, maji ya kabichi la zambarau yanatosha: siki huyageuza mekundu, maji ya sabuni ya kipande huyapeleka kwenye buluu au kijani. Lakini dawa ya kupaushia nguo usiichanganye kamwe na siki wala na kisafishio chenye amonia, hata kidogo, kwani gesi zinazotoka ni sumu. Jaribio lolote linalohitaji asidi kali, moto au umeme wa ukutani lingoje maabara na mwalimu.