Jinsi ya kujenga stoo ya chakula kwenye kona ya jikoni

Rafu za kona hazishindwi ukutani. Hushindwa mbele, pale mikono miwili ya L inapokutana na chini yake hamna kitu. Wengi wakiona ubao umebonyea huongeza skrubu ukutani, kumbe kinachokosekana ni nguzo moja tu kwenye kona hiyo ya ndani, mbele ya rafu. Stoo hii tutaijenga kwa kuitegemea nguzo hiyo.

Nitatumia mfano wa mikono miwili, kila mmoja sentimita 120 kutoka konani, kina sentimita 35. Urefu badilisha upendavyo. Kina usizidishe sana, maana vya nyuma husahaulika hadi viharibike.

Andaa plaiwudi ya milimita 18, mbao za inchi 1 kwa 2 za kugongea ukutani, mbao za 2 kwa 2 za nguzo, skrubu, fisha (plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani), gundi ya mbao, msasa, vanishi, drili, msumeno, pimamaji na futi kamba. Ukuta wenye unyevu utibu kwanza. Usifunike tatizo kwa mbao.

Hatua ya 1: Pima kona. Usiamini kwamba ni mraba. Weka alama sentimita 60 kutoka konani kwenye ukuta mmoja, na sentimita 80 kwenye wa pili, kwa kimo kilekile. Umbali kati ya alama hizo ukiwa sentimita 100 kamili, kona ni mraba. Ukizidi, kona imefunguka, ukipungua, imebana. Pima chini, katikati na juu, kwa sababu plasta hubadilika.

Hatua ya 2: Chora mistari. Anza na mstari mmoja wa pimamaji kuzunguka kuta zote mbili, kisha vimo vingine vyote vipimie kutoka hapo. Usipimie sakafuni, sakafu nyingi zina mteremko. Rafu ya chini iache sentimita 50 kwa ajili ya ndoo na magunia, za katikati 35, za juu 25 hadi 30.

Hatua ya 3: Funga mbao za ukutani. Hapa usiwe na haraka. Plasta haibebi mzigo. Anayebeba ni tofali lililo nyuma yake. Ubao wa inchi moja una karibu sentimita 2.5, plasta mara nyingi hufika 2, kwa hiyo tumia skrubu ya sentimita 9 ili angalau 4 ziingie kwenye tofali. Funga kipande cha tepu kwenye biti ya drili kuonyesha kina cha tundu, na toboa sentimita moja zaidi ya skrubu itakapofika. Kisha toa vumbi lote. Fisha ikiingia kwenye tundu lenye vumbi huzunguka tu, haishiki, na wengi hudhani fisha ni mbovu. Weka skrubu kila sentimita 40. Usitoboe juu, chini wala pembeni mwa soketi au bomba kwa mstari ulionyooka, maana nyaya na mabomba hupita humo. Kama tofali lina matundu ndani, tafuta fisha za matofali ya aina hiyo.

Hatua ya 4: Simamisha nguzo. Ya kwanza kona ya ndani, sentimita 35 kutoka kila ukuta. Nyingine mbili kwenye ncha za mbele. Chini ya kila nguzo weka kipande cha plastiki kigumu, mbao isinyonye maji ya kudekia. Zikaze sakafuni na juu kwa vyuma vya pembe.

Hatua ya 5: Kata rafu. Kata kwanza kigezo cha boksi, ukisugue hadi kikae vizuri ukutani, ndipo uhamishie kwenye plaiwudi. Nyuzi za juu za plaiwudi zifuate urefu wa rafu, hapo huwa ngumu zaidi. Ubao mmoja uingie hadi konani, wa pili uugote ubavuni. Huo wa pili ukate pembe ya sentimita 5 kwa 5 ili ukumbatie nguzo. Acha nafasi ya milimita 2 ukutani.

Chini ya kiungo pitisha kipande cha mbao kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, nusu kishike ubao huu, nusu ule. Kisha funga ubao wa 1 kwa 2 uliosimamishwa wima chini ya ukingo wa mbele, kutoka nguzo hadi nguzo. Usiuruke. Kwa mzigo uleule, rafu ikirefuka mara mbili bila mhimili hupinda mara 8, na ubao huo wima ndio unaozuia.

Hatua ya 6: Malizia. Piga msasa namba 120, halafu 180. Vanishi ipake mara mbili, hasa kingo zilizokatwa. Unyevu huingilia hapo. Usiingize chakula hadi harufu iishe kabisa.

Vizito viweke chini, vyepesi juu. Baada ya wiki chache za matumizi kaza skrubu zote tena, ukianzia zile za nguzo ya ndani.