Wakikwambia "tumeshinda" vita vya ugenini, pima hivi

Haya jamani, hii naiandika sababu ya mabishano ya barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kila jioni kahawa ikishamiminwa tu lazima vita vitajwe, leo Ukraine kesho Somalia kesho kutwa Afghanistan, huyu asema fulani kashinda yule asema kashindwa, na hakuna hata mmoja anayeuliza kwani kushinda kwenyewe ni nini. Mpira ni rahisi, refa akipuliza filimbi mwahesabu magoli mwaenda nyumbani. Lakini jeshi likiingia nchi ya watu likakaa miaka kumi, ishirini, hakuna wa kupuliza filimbi, kila upande wajipulizia wenyewe. Kwa hivyo ntawaonyesha vile mimi napima, ili siku nyengine mtu akikuletea habari ya ushindi usiimeze mzima mzima.

Anza na maneno ya siku ya kwanza. Chukua daftari ama andika kwa simu, walisema wanaenda kufanya nini, kwa maneno yao wenyewe, na tarehe yake. Hii kwangu ndo kubwa kuliko zote kwa sababu vita virefu hubadilisha sababu njiani na watu husahau. Chukua Iraki, Machi 2003 Marekani iliingia ikisema yaenda kuondoa silaha za maangamizi, silaha hazikupatikana. Tarehe 1 Mei mwaka huo huo rais Bush akahutubia juu ya meli ya kubeba ndege za kivita, nyuma yake bango kubwa lasema kazi imekamilika, na jeshi likabaki pale mpaka Disemba 2011, halafu Juni 2014 mji wa Mosul huko huko Iraki ukachukuliwa na wapiganaji wa ISIS. Ukiwa na daftari utaona mistari yafuatana, kwanza silaha, halafu kumtoa Saddam, halafu demokrasia, halafu kupambana na magaidi. Saddam walimtoa, hilo wapewe, hata mtu usiyemuunga mkono mpe haki yake. Lakini swali lako libaki kwa ule mstari wa kwanza.

Kuhesabu maiti na miji iliyotekwa, achana nako. Vietnam Marekani walikuwa wakihesabu maiti za adui na kutangaza, kwa karatasi walikuwa washindi kila wiki, wakapoteza wanajeshi wao zaidi ya 58,000, wakatoka 1973, na tarehe 30 Aprili 1975 Saigon, mji mkuu wa serikali waliyokuwa wakiilinda, ikaanguka. Jeshi kubwa kuteka mji si ajabu, Kabul ilitekwa Novemba 2001, mwezi na kitu tu baada ya mabomu ya kwanza. Kazi huanza pale.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo. Uliza usiku nani anatawala. Mchana utaona gari la jeshi, bendera, afisa anapigwa picha, lakini jua likizama mtu akigombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba kesi anaipeleka kwa nani, na mwenye duka analipa kodi kwa nani? Afghanistan Taliban walikuwa na mahakama zao vijijini miaka mingi kabla hawajarudi Kabul, na watu walienda, wengine kwa kuogopa na wengine kwa sababu kesi inaisha haraka na hakimu wa serikali alitaka hongo. Somalia pia Al-Shabaab wanatoza wafanyibiashara mpaka ndani ya Mogadishu, mji ambao kwa ramani ni wa serikali. Mtu anayelipa kodi pande mbili hajui bado nani ameshinda, na yeye ndo anaishi pale, wewe na mimi tuko hapa twanywa kahawa.

Hapa Mombasa tuna bahati, jirani zetu wengi wana jamaa huko Kismayo na Mogadishu, waulize, lakini uliza kwa adabu na uliza vizuri. Usiulize "mwawapenda wale ama hawa", hakuna mtu mwenye akili atakujibu hilo mbele za watu, na ukimuuliza unamtia hatarini. Uliza bei ya unga, uliza barabara gani lori linapita bila kusimamishwa, uliza yule mjomba wake aliyekimbia ameshathubutu kurudi kwake. Majibu ya hivo ndo yenye kitu.

Halafu toa pesa ya mgeni uone nini kinabaki. Hii nimejifunza kwa Warusi. Jeshi la Muungano wa Sovieti lilitoka Afghanistan tarehe 15 Februari 1989, watu wengi wakafikiri Najibullah, rais waliyemwacha Kabul, ataanguka wiki hiyo hiyo, wapi, akakaa miaka mitatu. Kilichomwangusha ni pesa na mafuta na silaha za Moscow kukatika baada ya Sovieti yenyewe kuvunjika mwisho wa 1991, Aprili 1992 akawa hana serikali. Serikali iliyojengwa na Marekani huko huko Afghanistan ilikuwa na jeshi la kama watu 300,000 kwa karatasi, mafundi wa ndege zao ni wageni, mishahara ni ya wageni, na Kabul ikaanguka tarehe 15 Agosti 2021 na ndege ya mwisho ya Marekani bado haijaondoka, iliondoka tarehe 30. Kwa hivyo ukisikia jeshi la nchi fulani sasa liko tayari kujisimamia, uliza mwisho wa mwezi askari analipwa na nani. Swali dogo hivo tu.

Jambo jengine ni kwamba mtu anaweza kushinda msituni akapoteza nchi. Sisi Wakenya hili tulijue bila kufundishwa. Waingereza walimkamata Dedan Kimathi Oktoba 1956, wakamnyonga Februari 1957, kwa hesabu ya kijeshi Mau Mau walikuwa wamevunjwa. Halafu tarehe 3 Machi 1959 hapa hapa Pwani, Hola, mto Tana, wafungwa 11 wakapigwa na walinzi mpaka wakafa, na kelele zikafika mpaka bunge la London. Disemba 1963 bendera ikashuka. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa. Ufaransa nayo 1957 ilivunja mtandao wa wapiganaji ndani ya mji wa Algiers, 1962 ikatoka Algeria. Mwenye nyumba hahitaji kukushinda, anahitaji kutokwisha tu, kwa sababu wewe una kwenu na siku moja watoto wako watakuuliza wafanya nini huko.

Ukitaka kuona muda unavyofanya kazi, chukua watoto wako nenda nao Fort Jesus siku ya Jumapili. Wareno walianza kuijenga 1593. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa hapa waliyemlea wenyewe Goa, koloni lao India, wakambatiza, akaiteka ngome na kuwaua, mwaka uliofuata akaondoka na Wareno wakarudi. Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Disemba 1698, karibu miezi 33, watu ndani wakafa kwa njaa na maradhi. Ngome ikaanguka. Halafu 1728 Wareno wakarudi tena! Wakatolewa Novemba 1729 na hawakurudi. Sasa simama pale juu ya ukuta ujiulize, mtu angeandika "tumeshinda" mwaka gani hapo? Na kuna swali linaloniuma zaidi, watu wa Mvita, yaani Mombasa hii, ndo waliomwita Mwomani aje awasaidie, Mreno akatoka, aliyekuja kusaidia akabaki, wakatawala Mazrui, ukoo wa Kiomani, na 1837 Busaidi, ukoo wa masultani wa Oman na Zanzibar, wakauchukua mji. Kwa hivyo kwa daftari lako ongeza safu, aliyeitwa kusaidia aliondoka lini.

La mwisho la kupima ni nyumbani kwa mwenye jeshi, na hapa siwezi kusema ya wengine nikaacha yetu. Oktoba 2011 Kenya iliingia Somalia baada ya wageni kutekwa Lamu na wafanyikazi wa misaada kutekwa Dadaab, na lengo lililosemwa ni kulinda mpaka na utalii wetu. Mwisho wa Septemba 2012 Kismayo ikachukuliwa, na hiyo si kazi ndogo, bandari ile ilikuwa ikiwalisha Al-Shabaab. Lakini yakaja mashambulizi ya Al-Shabaab huku kwetu, Westgate Nairobi 2013, Mpeketoni Juni 2014, Garissa tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 kwa siku moja, wengi wao wanafunzi. Mombasa 2014 nchi za nje zikaonya watu wao wasije, hoteli zikafungwa, mtoto wa shangazi yangu alikuwa akipika kwa hoteli moja upande wa kaskazini akarudishwa nyumbani na wenziwe wote, mpaka leo anauza viazi karai, na yeye hakuwahi kuona hata risasi moja. Januari 2016 kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, ikavamiwa, na serikali haikutangaza hesabu kamili ya vijana waliokufa. Hao ni watoto wa watu, mama zao wana haki ya hesabu hiyo kabla ya mtu kusimama na kusema neno ushindi.

Kwangu mimi ukurasa wa Somalia uko hivi. Mstari wa kwanza, mpaka na utalii. Kilichopatikana, Kismayo, na serikali ya jimbo la Jubaland. Usiku, bado watu walipa pande mbili. Mishahara, pesa nyingi za nje. Kikosi cha Umoja wa Afrika ambacho vijana wetu wamo kilikuwa AMISOM, 2022 kikaitwa ATMIS, 2025 kikaitwa AUSSOM, nimeandika majina yote matatu yakafuatana. Safu ya tarehe ya kurudi nimeichora kwa rula, bado iko tupu.