Kununua Hisa za Marekani Ukiwa Kenya

Kabla hujatuma hata shilingi, hakikisha unachouziwa ni hisa yenyewe. Programu nyingi za simu huuza CFD, yaani mkataba kati yako na muuzaji kuhusu bei kupanda au kushuka. Hapo wewe si mmiliki wa hisa yoyote, na kwa mkopo uliomo ndani yake pesa zaweza kuyeyuka kwa saa moja. Achana nayo. Dalali wa hisa wa Marekani mtafute kwenye BrokerCheck, tovuti ya FINRA (chombo kinachosimamia madalali huko), bila malipo. Wa Kenya, kwenye orodha ya CMA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Kufungua akaunti kwa kawaida kunahitaji pasipoti au kitambulisho, PIN ya KRA na uthibitisho wa makazi. Kisha utajaza W-8BEN, fomu inayothibitisha kwamba kikodi wewe si raia wala mkazi wa Marekani. Sehemu ya II, ya mikataba ya kodi, iache wazi: Kenya na Marekani hazina mkataba huo. Ukisaini mwaka 2025, fomu inafika mwisho 31 Desemba 2028. Isipohuishwa, dalali anaweza kukata 24% ya mauzo yako yote, hata uliyouza kwa hasara.

Pesa zitoke kwenye akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe. Zikitoka kwa mume, dada au chama, hurudishwa, na ada za SWIFT, mfumo wa benki wa kutuma pesa nje, hazirudi. Ada hizo pia ndizo sababu ya kutotuma kidogo kidogo: zikifika dola 40, kwa mfano, ni 20% ya dola 200 lakini 2% tu ya dola 2,000.

Soko la hisa la New York huwa wazi saa kumi na nusu jioni hadi saa tano usiku, kwa saa za Kenya. Majira yao ya baridi, saa moja baadaye. Taja bei ya juu kabisa unayokubali kulipa, hasa dakika za mwanzo, bei zinaporuka ovyo.

Kwenye gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, Marekani hukata 30%: kati ya dola 100 unapata 70. Jambo ambalo wengi hawalijui ni la mirathi. Ukifariki ukiwa na hisa za Marekani zinazozidi dola 60,000, ziada hutozwa kodi hadi 40%, na warithi husubiri. Kwa anayelenga kiasi hicho, mifuko ya ETF (mifuko yenye hisa za kampuni nyingi, inayouzwa sokoni kama hisa) iliyosajiliwa Ireland hufaa zaidi: hushika hisa zilezile, gawio hukatwa 15% ndani ya mfuko, na kodi hiyo ya mirathi haiugusi.