Somo: Kuendesha saketi kubwa kwenye Xyce kwa kori zote za kompyuta

Wakuu, sisi wa Kigoma tunaounda chaja za sola na taa za wavuvi wa dagaa tumezoea kupima saketi kwa kuunguza vipuri. Kipuri kikishaungua, unaagiza Dar na kusubiri basi. Afadhali kiungue kwenye kompyuta.

Xyce ni programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta, imetoka maabara ya Sandia, Marekani. Ni ya ukoo wa SPICE, programu ya kuiga saketi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Berkeley miaka ya 1970, ila hii imeundwa kugawa kazi kwa prosesa nyingi, au kwa kori (viini) za prosesa moja. Tangu 2013 msimbo wake uko wazi, bure.

Hatua ya 1. Kwenye Linux weka OpenMPI (programu ya MPI, njia ya kori kupashana habari), kisha Xyce iliyojengwa kwa MPI. Ile ya kawaida ukiiita kwa mpirun, amri ya kuanzisha kazi kwenye kori kadhaa, utapata nakala kadhaa zinazorudia kazi ileile na kugombania faili moja la majibu.

Hatua ya 2. Andika faili rc.cir:

Chaji ya kapasita
V1 1 0 PULSE(0 12 0 1u 1u 1 2)
R1 1 2 1k
C1 2 0 100u
.TRAN 1m 500m
.PRINT TRAN V(1) V(2)
.END

Mstari wa kwanza ni jina tu. Ukianza na V1 hapo, betri yako imemezwa. Namba mbili baada ya jina la kifaa ni nodi, yaani maungio ya waya; namba 0 ni ardhi.

Hatua ya 3. Andika: Xyce rc.cir, halafu fungua rc.cir.prn. Kwenye sekunde 0.1, V(2), yaani volti ya nodi 2 kwenye kapasita, iwe karibu volti 7.6, kwenye 0.5, karibu 11.9. Usishangae muda kuruka bila mpangilio, programu hupiga hatua fupi pale volti inapobadilika haraka.

Hatua ya 4. Sasa saketi kubwa, mfano paneli nyingi zilizoandikwa seli kwa seli:

mpirun -np 4 Xyce paneli.cir

Hiyo 4 ni idadi ya kori. Hii usiipoteze kwa rc.cir. Kila hatua ya muda ina kazi mbili: kukokotoa mkondo wa kila kifaa, halafu kutatua milinganyo ya nodi zote kwa pamoja. Ya kwanza inagawanyika vizuri, kila kori na vifaa vyake. Ya pili ni ya kusubiriana, maana volti ya nodi moja inategemea jirani zake. Saketi ikiwa ndogo, kori zinapiga soga kuliko kufanya kazi, na kori moja inamaliza mapema. Binafsi sigusi mpirun mpaka vifaa vifike maelfu.

MASWALI

Mdau wa Ujiji: Mkuu, laptop yangu ina kori mbili. Nihangaike?
– Kwa chaja za kawaida hapana. Ishia hatua ya 3.

Mwanafunzi, Kasulu: Shikamoo mwalimu. Nimeweka rezista ya 1M, mkondo umekuwa mkubwa ajabu.
– Marahaba dada. Humu M ni mili, herufi kubwa au ndogo ni yaleyale. Umeweka rezista ya sehemu moja ya elfu ya omu! Andika 1Meg.

Fundi wa Mwanga: Umeme ukikatika katikati ya kazi ndefu, naanza upya?
– Ongeza mstari huu:

.OPTIONS RESTART JOB=hifadhi INITIAL_INTERVAL=50m

Itahifadhi hali ya saketi kila milisekunde 50 za muda wa saketi, siyo za saa ya ukutani. Umeme ukirudi, kwenye mstari huo weka JOB ileile (jina la hifadhi) pamoja na START_TIME, yaani muda wa saketi wa hifadhi ya mwisho, iendelee hapo.