Kulinganisha tempo ya projekti na rekodi iliyopo katika Reaper (programu ya kurekodi na kuhariri sauti)

Kabla ya lolote, ifanye rekodi ifuate muda, isifuate mapigo. Usipofanya hivyo, kila ukibadili tempo (kasi ya mapigo) sauti nayo itavutwa au kusogea.

Kuza wimbi la sauti, tafuta kiki (mlio wa ngoma kubwa ya mguu) ya pigo la kwanza, kata kimya kinachoitangulia, kisha isogeze rekodi ianzie hasa mwanzo wa baa (fungu la mapigo). Hesabu baa 8, uchague kutoka kiki hiyo hadi ile inayofungua baa ya 9. Hapa wengi hukosea: huishia kwenye pigo la mwisho la baa ya 8, na tempo hutoka juu kuliko ilivyo.

Kwa 4/4, yaani mapigo manne kila baa, baa 8 ni mapigo 32. Zikichukua sekunde 17.5: 32 × 60 ÷ 17.5 = mapigo 109.71 kwa dakika. Andika na desimali zake. Ukiweka 110, ndani ya dakika 3 metronomu (mlio unaohesabu mapigo) itatangulia karibu nusu sekunde.

Bendi iliyopiga bila metronomu haina tempo moja. Kagua kila baa 4 au 8, uweke alama mpya ya tempo pale inapoteleza tu.