Jinsi ya kuona alama za histoni kwenye mzizi wa kitunguu

Wenye tulifanya bayolojia sekondari tunakumbuka ile praktiko ya ncha ya mzizi, unachovya kwa asidi, unapasha moto, unaponda, kromosomu hizo hapo. Ukitaka kuona alama za histoni (vikundi vidogo vya kemikali vinavyobandikwa kwa histoni, zile protini DNA inajizungusha juu yake) hiyo njia isahau kabisa, maana asidi ndiyo watu wa maabara hutumia kung'oa histoni kwa DNA, so unaosha kile kitu chenyewe unatafuta. Mimi nilikaa wiki mbili nikiangalia giza kwa maikroskopu nikidhani nimeuziwa antibodi feki (antibodi ni protini inayoshika alama moja tu, ndiyo inakuonyesha iko wapi).

Nunua kitunguu Marikiti, kile kimekaa kaa, kipya kinachelewa kuota. Kwangua mizizi mikavu, kikalishe juu ya glasi maji yaguse chini tu, mizizi mipya ikifika sentimita moja hivi kata ncha.

Sasa hapa usiharakishe. Paraformaldehaidi asilimia 4 kwa bafa ya fosfeti, juu ya barafu, nusu saa, na dakika za kwanza tumia pampu ya vakyumu kwa sababu mzizi una hewa ndani na ukielea ujue dawa haijaingia. Vaa glavu, fanyia kwa kabati la kufyonza mvuke, hiyo kitu ni sumu. Osha mara tatu.

Halafu selulasi na pektinasi, vimeng'enya vya kula ukuta wa seli, digrii 37, dakika 20 hadi 30. Seli ya mmea ina ukuta na antibodi haipiti ukuta, lakini ukizidisha unapata uji. Ponda ncha kwa tone la bafa chini ya kioo chembamba, gandisha kwa nitrojeni kimiminika, bandua kioo na wembe haraka kabla haijayeyuka.

Funika na albumini ya ng'ombe nusu saa ndio antibodi isishike ovyo, weka antibodi ya kwanza usiku mzima kwa friji ya digrii 4 (omba stima isipotee), osha, ya pili yenye rangi inayowaka, inayoshika ile ya kwanza, saa moja gizani, malizia na DAPI, rangi ya kuonyesha DNA.

Kama ni mara yako ya kwanza anza na H3S10 yenye fosfeti (H3 ni aina ya histoni, S10 ni mahali kwa hiyo protini; me2 na me3 mbele ni methili mbili au tatu), inasomeka rahisi: kwa mimea mingi seli ikigawanyika inawaka karibu na sentromia tu, kile kiuno cha kromosomu, si kromosomu nzima kama kwa wanyama. H3K4me3 inakaa kwa jeni zinazosomwa, H3K9me2 kwa kromatini (DNA na histoni zake) iliyonyamazishwa. Na hii H3K9me2 inachanganya watu sana, kwa Arabidopsis, kammea ka maabara kenye jenomu (DNA yote) ndogo, unaona madoa machache makali, lakini kitunguu kina herufi za DNA kama bilioni 16 na alama imetawanyika nyuklia nzima, usidhani umekosea.

Slaidi moja usiitie antibodi ya kwanza. Hiyo nayo ikiwaka, picha zote za siku hiyo tupa, uongeze kuosha.