Skolashipu za ushindani Marekani: anza mtoto akiwa kidato cha tano

Kama unaishi Marekani na una mpwa au mdogo wako anayesoma Mbeya, Iringa au Njombe na unataka aje chuo Marekani kwa skolashipu, usisubiri matokeo ya kidato cha sita. Yanatoka Julai, vyuo vinafunguliwa Agosti, na maombi mengi yalishafungwa kati ya Oktoba na Januari. Mtoto anashindanishwa kwa cheti cha kidato cha nne, alama za shuleni na makadirio ya walimu.

Chagueni vyuo kwa makini. Harvard na wenzake wa Ivy League (kundi la vyuo vinane binafsi vyenye jina kubwa) hawatoi fedha kwa ufaulu. Wanatazama uwezo wa familia, kwa hiyo kule andaeni taarifa za kipato cha wazazi. Ushindani wa ufaulu uko kwingine, mfano Morehead-Cain ya Chuo Kikuu cha North Carolina, inayolipia gharama zote na kupokea wanafunzi wa nje. Skolashipu ya National Merit ni ya raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani: itawafaa wanao mnaoishi nao huko, si mpwa aliye Tukuyu.

Karibu wote wanaoomba wana alama nzuri, kwa hiyo alama zinamvusha mchujo wa kwanza tu. Baada ya hapo ni insha, barua za walimu na mahojiano, na hapa ndipo watoto wetu wanapoangukia. Mtoto hodari anaandika kwamba anapenda kusaidia jamii, kama walivyoandika maelfu wengine. Binti wa Uporoto aliyewahi kupima gunia la lumbesa (lililojazwa kupita kipimo), akapiga hesabu ya kilo za viazi ambazo mama yake hupunjwa kila msimu, ana insha ambayo hakuna mwingine anayo. Muulize maswali kwa simu mpaka ayatoe hayo, kisha mwache aandike mwenyewe. Tafadhali usimwandikie. Kwenye mahojiano sauti haitafanana na karatasi.

Barua ya mwalimu nayo ina kazi. Shule nyingi zimezoea kuandika kwamba mwanafunzi ana nidhamu na bidii, basi. Mpigie mwalimu wa taaluma kwa heshima, mweleze kwamba wanaosoma wanataka tukio: alifanya nini, lini, darasa likabadilikaje. Mpe mwezi mzima.

Chuo kikitaka SAT, yaani mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kumbuka kwamba nje ya Marekani unafanywa kwa kompyuta tangu 2023. Tuma laptopu mapema aizoee.

Jambo la mwisho ni majina. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na pasipoti vikitofautiana hata herufi moja, anzeni kurekebisha sasa, kwa sababu RITA (wakala wa vyeti vya kuzaliwa) na Uhamiaji wana foleni zao. Na yeyote anayedai hela ya "kushikilia nafasi" ya skolashipu, msimtumie hata senti.